Harusi ya Nje, Muziki wa Laivu: Kamati Ianzie Wapi?

Msimu wa harusi ukikaribia, iwe baada ya Ramadhani au kuelekea Desemba, kamati nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa hukubaliana mapema juu ya mambo mawili: sherehe iwe nje, na muziki uwe laivu. Makubaliano huishia hapo. Mashangazi wanataka taarabu. Baba wa bwana harusi anataka bendi ya dansi ya ujana wake. Vijana wanaona DJ anatosha na chenji itabaki. Mweka hazina anauliza mitambo ni ya nani, na mzee mmoja anakumbusha kwamba nyuma ya ukuta ule kuna msikiti.

Mvutano huu una chanzo kinachoeleweka. Ukumbi ulikuwa unaibebea kamati mzigo mkubwa bila kuonekana. Ukilipia ukumbi unapata paa, kuta, umeme, jenereta ya akiba na meneja anayezima taa saa ikifika. Ukienda ufukweni au bustanini, kazi hizo zote zinarudi mikononi mwa kamati, lakini kamati inaendelea kufikiri kama bado iko ukumbini: inaanza kwa kujadili jina la bendi. Kwa sherehe ya nje, jina la bendi ni swali la mwisho. Kwanza kuna mahali, halafu saa, halafu mitambo.

Bei nazo zinachanganya. Kinachouzwa kama muziki wa laivu kinaweza kuwa huduma tatu zisizofanana hata kidogo: kikundi kizima kinachopiga vyombo vyote; mpiga kinanda mmoja mwenye midundo iliyokwisha kupangwa, na waimbaji wawili; au waimbaji wanaoimba juu ya muziki uliorekodiwa, yaani pleibeki. Ya kwanza inaweza kuwa na watu 12 wa kusafirishwa na kulishwa, ya tatu watu 3. Familia inayolinganisha bei za simu bila kuuliza ni vyombo gani vitapigwa na watu wangapi inalinganisha nyanya na samaki.

Hewa haina kuta

Ndani ya ukumbi, sauti hugonga ukuta na dari na kumrudia msikilizaji. Nje hairudi. Kwa kanuni ya jumla ya fizikia, sauti inayotoka sehemu moja mahali pa wazi hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Kikundi kinachosikika kwa desibeli 84 ukiwa mita 4 kutoka jukwaani kitakuwa 78 kwenye mita 8, 72 kwenye mita 16, na 66 kwenye mita 32. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili walio karibu hufika 60 hivi. Kwa hiyo kwenye meza za nyuma muziki unashindana na soga za wageni, na wageni ambao hawajaonana tangu msiba uliopita hawashindwi kirahisi.

Dawa ambayo mafundi wengi huikimbilia ni kupandisha sauti. Matokeo yanajulikana: meza za mbele, ambako itifaki imewaketisha wazee, zinaziba masikio, na za nyuma bado hazisikii maneno. Njia bora ni kuweka spika ndogo katikati ya uwanja pamoja na zile za jukwaani, kila jozi ikihudumia eneo lake kwa sauti ya wastani. Hapo panahitajika fundi anayeijua kazi yake. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, hivyo spika iliyo mita 34 kutoka jukwaani inapaswa kucheleweshwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Asipofanya hivyo, wageni wa nyuma watasikia kila neno mara mbili.

Usiku mambo hugeuka tena. Mchana, ardhi yenye joto huifanya sauti ijipinde kwenda juu na kutoweka. Jua likizama na hewa ya chini ikapoa kuliko ya juu, sauti hupindwa kurudi chini na kufika mbali zaidi. Jirani ambaye hakulalamika saa 11 jioni anaweza kupiga simu polisi saa 4 usiku kwa muziki wa sauti ileile, na wala hatakuwa ameongeza chumvi.

Ufukweni kuna na upepo. Mchana upepo hutoka baharini kwenda nchi kavu, na kati ya Mei na Septemba kusi huuongezea nguvu. Kwa ajili ya picha, maharusi na jukwaa huwekwa mgongo baharini, wageni wakitazama maji. Maana yake spika zote zinautazama mji, na upepo unazisaidia. Jukwaa likigeuzwa liwe upande wa nchi kavu, majirani watapumua lakini mpiga picha atalalamika, kwani nyuma ya maharusi patakuwa na ukuta na tangi la maji. Njia ya katikati ni kuliweka ubavuni, spika zikielekezwa sambamba na ufuko.

Ngoma, dufu na tarumbeta

Kuna muziki uliozaliwa nje, nao hauna haja ya kufundishwa namna ya kukabiliana na uwanja. Matarumbeta ndiyo mfano ulio wazi. Ni ndugu wa beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, iliyoanza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza pamoja na askari na wapagazi. Tarumbeta, tromboni na ngoma kubwa havidai umeme, vinatembea na msafara, na vinasikika mtaa mzima. Kwa kumpokea bibi harusi mlangoni, au kumtoa kanisani hadi kwenye gari, ni vigumu kupata kitu kinachovishinda. Udhaifu wake unatoka palepale penye nguvu yake: tarumbeta haijui kunong'ona. Ikizidi nusu saa karibu na meza, wageni wanaanza kutafuta njia ya kwenda kuangalia magari yao.

Ngoma za asili, kama mdumange wa Wasambaa, sindimba ya Wamakonde au msewe wa Pemba, zina faida hiyohiyo ya kutotegemea waya, tena huwavuta wageni wenyewe kuingia uwanjani. Kamati husahau kwamba ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu wa pwani na hukazwa kwa moto. Hoteli nyingi haziruhusu moto kwenye majani yao yaliyonyolewa. Ni vizuri kumuuliza meneja mapema, kabla wapigaji hawajaanza kuokota makuti.

Kwa familia zisizotaka ala nyingine, dufu na kasida hutosha kwa shughuli ya nikaha, na kikundi chenye sauti nyingi pamoja hufika mbali kuliko mwimbaji mmoja mwenye kipaza sauti kibovu. Kwa Unguja kuna na kidumbaki: ngoma mbili ndogo, fidla, cherewa, mkwasa na sanduku la besi. Kwa sherehe ya uani ni chaguo lenye thamani kubwa kuliko bei yake, na inashangaza kwamba kamati za Dar es Salaam hulifikiria mara chache.

Taarabu na umbali wa kutuza

Taarabu asilia ndiyo inayopendwa zaidi kwa harusi za ufukweni, nayo ndiyo inayoteswa zaidi na ufukwe. Vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, cha 1958, vimeujenga muziki wao juu ya ganuni, udi, fidla, nai na kodiani, vyombo vinavyosikilizana kwa karibu. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70. Ukiiweka juani saa 9 alasiri halafu ukaipigisha upepo wa bahari saa 12, mpigaji atatumia muda mwingi kuitafutia sauti kuliko kuipiga. Kivuli cha jukwaa kiwekwe kabla ya vyombo kufika, wala kisisubiri jua liwachome wapigaji.

Kuna jambo jingine ambalo mchoraji wa mapambo hulikosea. Taarabu ya harusi ni mazungumzo. Mama anaposikia ubeti unaomsemea, huinuka, husogea kwa madaha mbele ya mwimbaji, hutuza, na wenzake wanaelewa nani amelengwa. Jukwaa likiwekwa juu sana, au likitenganishwa na wageni kwa bwawa la kuogelea na vigogo vya mapambo, mazungumzo hayo hukatika. Wanawake hawatapanda ngazi za chuma na viatu vyao vya harusi. Kikundi kitapiga vizuri, watu watapiga makofi, na kila mmoja ataondoka akisema taarabu ilipooza, bila kujua kwamba mita 15 za nyasi ndizo zilizoipooza.

Taarabu ya kisasa, iliyoshamiri tangu miaka ya 1990 kwa vinanda na magitaa ya umeme, haina tabu ya nyuzi kulegea na inachezeka zaidi. Inahitaji mitambo mikubwa, na ndiko pleibeki inakojipenyeza. Pleibeki si dhambi, na kwa sherehe yenye umeme wa mashaka inaweza hata kuwa busara. Kosa ni kuilipia bei ya kikundi kizima. Mkataba utaje vyombo vitakavyopigwa kimoja kimoja.

Bendi ya dansi na DJ

Wanaotetea bendi ya dansi wana hoja nzito. Muziki wa mtindo wa bendi ya Msondo, ambayo mizizi yake ni NUTA Jazz ya 1964, au wa Mlimani Park, iliyoundwa 1978, huwainua watu wa rika tatu kwa wimbo mmoja. Bendi pia inaweza kuusoma uwanja: ikiona watu wamechangamka inalirefusha sebene, ikiona wamechoka inashuka. Inaweza kumtungia bibi harusi ubeti wenye jina lake na la mama yake.

Gharama yake haiko kwenye ada peke yake. Kuna gari la vyombo, chakula cha watu 10 au 15, nauli ya kurudi usiku, na malazi kama wametoka mbali. Kikundi cha Unguja kikipiga Dar es Salaam usiku hakina boti ya kurudia hadi asubuhi. Nyimbo zenyewe ni ndefu, na MC mwenye ratiba ya dakika tano tano ataanza kuwaonyesha ishara ya kukata kabla sebene halijafika. Bendi iliyokatwa mara tatu hupoteza moyo, na wageni huona.

Wanaomtetea DJ nao hawajakosea. Ana singeli kwa vijana, mduara kwa mama zao, zilipendwa kwa wazee na nyimbo za injili kwa mchungaji, vyote ndani ya kompyuta moja. Anakatizwa na kuendelea bila kununa. Anachokosa ni uwezo wa kumjibu mgeni aliyesimama mbele yake. Hatuzwi, haimbi jina. Kwa familia inayoona muziki kama burudani ya kuchezea, pengo hilo halionekani. Kwa familia inayouona muziki kama sehemu ya kumsindikiza binti, linaonekana sana.

Wengi siku hizi wanachagua mchanganyiko: kikundi kidogo jioni, DJ usiku. Kwa nadharia ni suluhisho zuri. Kwa vitendo mara nyingi huleta mitambo miwili, mafundi wawili wasiosalimiana, na nusu saa ya kuhamisha nyaya wakati wageni wamekaa kimya. Mchanganyiko hufaa pale tu mtambo unapokuwa mmoja na fundi mmoja anayewahudumia wote wawili, akiwa ameshapima sauti za wote kabla ya mgeni wa kwanza kufika.

Saa zinazoliwa na kusubiri

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, na ndipo kamati zinapotazama kidogo. Kadi inasema saa 12 jioni. Wageni wanafika saa 2 usiku, maharusi wako kwa mpiga picha hadi saa 2 na nusu. Inafuata kuingia, utambulisho wa koo mbili, keki, kufungua shampeni, chakula, zawadi kwa makundi, shukrani. Bendi iliyolipwa saa tano inapata uwanja saa 5 na nusu usiku, na kibali kinaisha saa 6. Kila mmoja anailaumu bendi kwa kupiga nyimbo nne.

Harusi nyingi za Kenya bara hukwepa mtego huu kwa kufanywa mchana, kwenye bustani za Nairobi, Limuru au Naivasha, na kumalizika jioni. Muziki unafungamana na shughuli yenyewe badala ya kusubiri mkiani. Wanachopoteza ni usiku: taa, ubaridi na hamu ya kucheza. Sherehe za Tanzania zimeung'ang'ania usiku kwa sababu za kweli, joto la pwani likiwa la kwanza, lakini hazijarekebisha ratiba ziendane nao.

Kuna nafasi ya katikati ambayo haitumiki ipasavyo. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni mwaka mzima. Saa moja na nusu kabla ya hapo, joto limeshuka na mwanga ni mzuri. Kikundi kidogo cha ala kikipiga wakati huo, wageni wachache waliowahi wanapata zawadi yao, na waliochelewa wanajifunza kuwahi harusi ijayo.

Jirani, adhana na sheria

Tanzania Bara ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Zanzibar ina mamlaka yake ya mazingira. Kenya ina kanuni zake za 2009, ambazo ni kali kuliko wengi wanavyodhani: usiku kisheria huanza saa 2, na kiwango cha nje kwenye makazi hushuka kutoka desibeli 50 hadi 35. Ukikumbuka hesabu ya mwanzoni, hakuna bendi ya umeme inayoweza kubaki ndani ya 35 kwa jirani aliye nyuma ya ua. Ndiyo maana kibali huombwa mapema.

Kwa sherehe za mtaani kwa Tanzania, safari huanzia kwa serikali ya mtaa na ofisi ya kata, na polisi huarifiwa. Watu hukosea wakidhani kibali kinamfunga jirani mdomo. Karatasi humruhusu mwenye sherehe kupiga muziki hadi saa fulani; haimzuii mwenye mgonjwa kulalamika. Kwa hiyo ziara ya kuwaarifu majirani siku mbili kabla, na sahani za pilau siku yenyewe, zina thamani yake. Kuhusu adhana, suala si sheria tupu bali adabu inayofahamika hadi kwa wasio Waislamu: Magharibi na Isha ziandikwe kwenye ratiba ya MC kama mapumziko ya muziki, ili mwimbaji asikatizwe katikati ya ubeti na fundi aliyeshtuka.

Umeme na maji

Umeme hauhitaji maneno mengi. Muziki uwe na laini yake, isiyochangia na friji za vinywaji wala majiko ya wapishi, na jenereta ikae mbali upande ambao upepo unaelekea, ili moshi na mngurumo usiwafuate wageni. Mvua ya masika, Machi hadi Mei, inajulikana; ya vuli ndiyo inayowavizia wa Novemba. Turubai la kwanza lifunike jukwaa na mitambo, kwa kuwa mpiga gitaa akiona maji kwenye nyaya atashuka, na ana haki.

Maji ya bahari ndiyo yanayosahaulika. Siku za bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa pwani yetu inaweza kufika mita 4 hivi. Harusi za mwanzo wa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, huangukia mwandamo wa mwezi, yaani siku hizohizo za bamvua, na bamvua hujaa alasiri, kati ya saa 10 na 11, mafundi wakiwa wanafunga spika. Mchanga uliokuwa mkavu asubuhi meneja alipouonyesha unaweza kuwa chini ya maji jukwaa likiwa limesimama. Muulizeni mvuvi wa hapo, au tazameni jedwali la maji kujaa na kupwa, kabla ya kuchapa kadi.

Mizani

Kila upande una haki katika mazingira yake, lakini mazingira hayo hayafanani. Wageni wakiwa chini ya mia moja na wakikaa karibu, kidumbaki au kikundi kidogo cha taarabu asilia kitazaa zaidi kuliko bendi kubwa, kwa sehemu ndogo ya fedha, na jirani atalala. Wageni wakiwa 400 uwanjani, bila saa mbili zilizohakikishwa za kupiga mfululizo, bendi ya dansi ni anasa inayoishia kwenye lawama; matarumbeta ya kuingilia na DJ mwenye mitambo mizuri vitafanya kazi bora. Zikiwepo saa hizo mbili, hesabu inageuka kabisa, na DJ hafui dafu.

Fedha zikiwa haba, na huwa haba kwa sababu ahadi za michango si michango, kipunguzwe kwanza kimo cha jina la kikundi, kisha idadi ya saa, na mitambo iguswe mwisho. Kikundi cha kawaida chenye fundi mzuri kinasikika. Kikundi mashuhuri chenye spika mbili zilizopasuka ni hasara iliyovaa suti. Familia zinazolipa nusu ya awali ziandike kwenye mkataba nani anabeba hasara mvua ikinyesha, saa ya ziada ni bei gani, na nani analipa gari la kurudi. Na saa ya bendi kupanda jukwaani iingie kwenye ratiba ya MC kama ilivyo ya chakula: shughuli ikichelewa, kinachosogezwa ni zawadi na utambulisho.